Uyoga Alipokamata Kiatu cha Mvua

Ngosa alifunga na kufungua mabehewa kwenye njia ya reli ya Sakania karibu maisha yake yote. Kazi hiyo ilimwachia vitu viwili: kidole kisichokunjika, na tabia ya kutoondoka penye shughuli mpaka aone kwa macho yake kwamba imekamilika. Alipostaafu alitulia mtaa wa Bel-Air, kwenye nyumba ya matofali aliyoijenga mwenyewe kando ya mfereji wa zamani. Enzi hizo watu walichimba mfereji kwanza, ndipo wakajenga nyumba. Siku hizi hujenga kwanza, wakashangaa baadaye.

Dédé, mwenye duka la simenti na mkubwa wa chama pale mtaani, aliupanua uwanja wake akapitisha ukuta juu ya mfereji bila kuacha hata tundu. Msimu uliopita maji yalirudi nyuma, yakaingia nyumba kwa nyumba, yakaangusha chumba cha mama Cathy, mjane wa jirani. Watoto wake walichomolewa kwenye tope wakiwa hai, na hiyo ni bahati tu. Ngosa alikwenda kwa mkuu wa mtaa, akaenda ofisi ya komini. Kote aliambiwa angoje. Sasa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya tena, na mzee aliapa kwamba mvua haitaukuta ukuta ule ukiwa mzima.

Juma hilo Honorable Constance Mapalo, mbunge wao, alikuwa akiwazungukia wapiga kura. Jumatatu alikula na matajiri kule Golf. Jumatano alipigwa picha sokoni, ameinua fungu la mboga, lengalenga, kama mtu aliyewahi kulichambua. Ijumaa ilikuwa zamu ya Bel-Air, na aliyepanga kila kitu ni Dédé huyo huyo: jukwaa, spika, fulana zenye sura ya mbunge, na njia ya kupitisha jeep ili mfereji usionekane.

Zamani mgeni alikaa kwanza. Alipewa munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, akaulizwa habari za kwao, ndipo akasema kilichomleta na kusikia yanayowasumbua wenyeji. Mgeni wa siku hizi huongea amesimama, kwa mashine, kisha huondoka kabla vumbi lake halijatua.

Lakini liko jambo ambalo spika haiwezi kulizima. Mama yake Constance alikuwa wa ukoo wa Mvua, na kwao mtoto hufuata ukoo wa mama; Ngosa ni wa ukoo wa Uyoga. Tangu mababu koo hizo ni watani, kwa sababu uyoga hauoti bila mvua. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu na kukunyang'anya kitu cha mwilini, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Kitu hicho unakikomboa mwenyewe, bila kumtuma mtu, kwa jambo atakalolitaka yeye.

"Baba Kiki, batakufunga!" alisema Albertine, mkewe Ngosa, alipomwona akivaa koti lake la reli.

"Bafunge. Kule gereza pengine maji haiingiake."

Jeep ilisimama uwanjani. Honorable alifungua mlango, akashusha mguu mmoja. Ngosa alikuwa amepiga magoti pale chini, akipiga makofi taratibu kama wazee walivyosalimu wakubwa. Mguu ulipofika usawa wa mikono yake, akauvua kiatu.

Mlinzi alimwangusha kifudifudi. Alikuwa kijana wa mjini, hakuna aliyewahi kumfundisha utani. Aliona mwizi tu.

"Peleka huyu mulevi!" alipiga kelele Dédé. "Anatuharibia programme!"

"Weye Mvua!" Ngosa alisema kutoka mavumbini, kiatu amekikumbatia kifuani. "Bandugu yako banatuingilia mu manyumba bila kupiga hodi! Wazazi yako habakukufundisha adabu? Miye Uyoga nimechoka!"

Wazee wakaangua kicheko. Vijana wakainua simu zao. Kisha uwanja wote ukageuka kumtazama mwanamke aliyebaki na kiatu kimoja.

Constance alitazama mguu wake mtupu, akamkumbuka mama yake. Mama yake alipokufa, familia ilikodi watu wa kuzika wenye glavu nyeupe, na hakuna mtani aliyekuja, kama ilivyo desturi, kulala kaburini akizuia jeneza lisishuke. Alizikwa kimya, kama mtu asiye na kwao.

"Muachilie," alimwambia mlinzi. Kisha akaweka mikono kiunoni. "Weye kauyoga kenye minyoo! Bila miye ungeota wapi? Unataka nini juu ya kiatu yangu?"

"Twende kwa miguu. Uone pa bandugu yako banafungiwa njia."

"Honorable, barabara iko mubaya," alisema Dédé.

"Ndiyo maana nataka kuiona."

Akavua na kiatu cha pili, akatembea peku, umati nyuma yake. Aliona mfereji unavyoishia ukutani, na alama ya maji kwenye nyumba za watu, usawa wa kiuno. Mama Cathy alimwonyesha mahali chumba kilipokuwa.

"Ukuta ni ya nani?"

Watu wakamgeukia mwenye duka la simenti. Dédé alikuwa akisoma simu yake.

"Vizuri. Tutautoboa juma lijalo," alisema Honorable.

Ngosa akatia kiatu kwapani. "Basi na kiatu juma lijalo."

Kesho yake alikuja dereva kukichukua, na salamu nyingi. Ngosa hakumfungulia hata geti. "Ambia maman yako, kiatu inafuatwa na mwenye muguu."

Jumapili baada ya misa Honorable alikuja mwenyewe, amevaa kitenge na sandali, pamoja na mafundi wenye nyundo. Dédé alikuwa mbele yao. Honorable alimpa yeye nyundo ya kwanza, mbele ya majirani, naye akapiga kwenye msingi wa ukuta wake mpaka tofali la kwanza likachomoka. Mafundi wakapanua shimo hadi mtu akaweza kupita amejikunja.

"Haya, mutani. Kiatu."

"Bado. Tunangojea ndugu yako."

Constance alitazama mbingu, akacheka, akamwambia dereva azime gari. Mchana ule mvua ilimwagika. Wote walisimama barazani kwa Albertine wakiutazama mfereji. Maji yalijaa, yakapanda, yakasita ukutani kana kwamba hayaamini, kisha yakaingia shimoni yakaenda zake. Mama Cathy alichungulia ndani kwake. Sakafu ilikuwa kavu.

Hapo ndipo Ngosa alipoingia ndani na kutoka na kiatu. Alikipangusa kwa ukosi wa koti lake, akakitoa kwa mikono miwili. Albertine akasogeza kigoda, akajaza kikombe cha munkoyo.

"Ikala, maman," alisema. "Sasa tupe habari. Kwenu bako bazima?"

Honorable akakaa.