Kisima cha Mwisho cha Fuko

Watu walimwita Fuko, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Marehemu, Mungu amlaze mahali pema, alikuwa mchimba visima. Maisha yake aliyapitisha chini ya ardhi. Juu alikuja kula, kusali na kulala. Mkewe alizoea kusema kwamba yeye ameolewa na kofia, kwa kuwa akichungulia shimoni hiyo ndiyo sehemu pekee ya mumewe aliyoiona.

Kazi hiyo ina desturi yake. Maji yakitokeza, anayeyaonja kwanza ni mchimbaji, hukohuko chini, kwa kiganja. Wenye kisima husimama ukingoni wakisubiri neno lake. Akisema ni matamu, watu humshukuru Mungu. Akisema ni ya chumvi, shimo hufukiwa. Fuko alishatamka neno hilo la pili kwenye uwanja wa nyumba ya ibada, mbele ya waumini waliofunga na kuomba, na hakuna aliyembishia.

Kisha maji yakaanza kukimbia. Mwanzoni ilitosha kuongeza urefu wa kamba. Baadaye visima alivyovichimba ujanani vikakauka kimoja baada ya kingine, kama meno yanavyomtoka mzee. Wenye mashamba makubwa walikuwa wameleta mitambo, wakavuta usiku na mchana, na pale maji matamu yalipopungua, ya chumvi yakapanda kuchukua nafasi yao. Fuko akawa anaitwa kuongeza kina, anashuka, anapanda na tope tupu. Alikuwa akisema maji ni ya Mungu, sisi ni wachukuzi tu. Sasa alisema hivyo kwa sauti ndogo zaidi.

Mkewe alipofariki alibaki na binti yake na mjukuu mmoja wa kike. Mume wa binti alifanya kazi mji mwingine, akapanga chumba chenye bomba. Binti alichoka. Alfajiri alikuwa kwenye foleni ya gari la maji, mchana anagombana na walioruka foleni, jioni mgongo umekufa. Siku moja akamwambia baba yake, bila ukali, "Baba, maji yakipatikana hapa uani, siendi kokote. Yasipopatikana, mwisho wa mwezi nampeleka mtoto kwa baba yake."

Basi Fuko akachimba uani kwake, juu akishikiwa kamba na rafiki yake wa siku zote, Kipara. Mjukuu alikaa mbali na ukingo akimtania, maana babu ndiye mume wake. Alimwambia kwamba mume anayerudi na tope masikioni hapewi chakula. Fuko alimjibu kutoka chini kwamba mke mwenye maneno mengi hurudishwa kwao. Kipara alicheka hadi kamba ikayumba, akatukanwa na wote wawili.

Maji yalitokeza yakimfika vifundoni. Juu wakasubiri neno lake. Fuko akateka kwa kiganja, akaonja, akateka tena, akaonja tena. Kisha akapaza sauti:

"Matamu."

Ndoo ya kwanza ilipopanda, binti alikunywa kikombe kizima bila kukunja uso, akasema ahsante Baba. Mtoto alipiga funda moja, akatema.

"Babu, mbona umetia chumvi?"

Mama yake akamvuta mkono, akaingia naye ndani. Siku zile alijitahidi. Alijaza sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama. Maharage yalichemka kutwa yakabaki kokoto, na sabuni haikutoa povu, iliganda nguoni kama maziwa yaliyochacha. Hakusema neno, na hilo ndilo lililomuumiza Fuko. Afadhali angemwita mwongo.

Akashuka tena, akaendelea kuchimba ndani ya maji yaleyale. Kipara alivumilia, mwishowe akainama ukingoni.

"Ndugu yangu, chini ya chumvi kuna chumvi. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Huenda Mungu ameweka tabaka jingine."

"Na kama hakuweka?"

Fuko akamwambia avute ndoo.

Mwisho wa mwezi gari lilikuja kuchukua vitanda. Yeye alikuwa shimoni. Binti alimsihi apande waagane, akajibiwa kwamba kazi imefika pabaya, haiachiki. Mtoto naye akaita, "Mume wangu, panda basi, tunaondoka." Fuko aliegemeza paji la uso kwenye ukuta uliolowa, akamwambia atangulie, yeye atamfuata na maji. Akasubiri mpaka mngurumo wa gari ukapotea ndipo akatikisa kamba avutwe.

Mlangoni alikuta dumu limejaa maji matamu. Binti alikwenda kwenye foleni gizani, siku ya safari, ili amwachie. Fuko hakuligusa. Alikunywa ya kisimani, akawaambia majirani yanazoeleka, na mwili wake ukawa unapungua huku wao wakiona.

Hakuumaliza msimu huo wa kiangazi. Binti alipofika, dumu lilikuwa palepale, kifuniko kimekaza. Kipara alilibeba, akamwosha rafiki yake kwa maji hayo, taratibu, akianzia kichwani. Hayakutosha. Miguu alimalizia kwa yale ya kisimani.