Turubai la Jumuiya na Makabati ya Mama Mkwe

Mkinikuta sokoni Kasulu nimegeuza uso kama mtu anayechagua nyanya, mjue si maringo, ni aibu. Naona afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa jirani yangu Mama Zawadi, ambaye kila akisimulia anaongeza watu wawili waliozimia: mimi, Baba Bukuru, mwenye akili zangu timamu na cheti cha kidato cha nne, nilimfungulia mama mkwe wangu msiba akiwa mzima, yuko ndani ya gari la Noah anamenya ndizi, na kisa chote ni makabati ya jikoni.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu ndiye anayezunguka na maharage yake, leo Heru Juu, kesho Kibondo, Bukuru yuko shule ya bweni, mimi niko barazani na cherehani nashona sare za shule, na nje ya geti nitatoka Jumapili kwenda kanisani (nako nikirudi naumwa miguu). Majirani wananiita Mlinzi. Ndiyo maana jumuiya yetu iliponunua turubai walisema apewe Baba Bukuru alitunze, maana usiku na mchana yupo. Turubai lenyewe ni la bluu, kubwa, kona moja lina kiraka chekundu, na kila mtu mtaani analijua. Harusi siku hizi watu wanakodi mahema yenye vitambaa na maua. Lile la bluu hutoka kwa jambo moja tu. Hata watoto wanajua. Aliyesahau ni mtunzaji.

Sasa, mama mkwe. Anaishi peke yake Kitahana, kule Kibondo, na macho yake yameingia ukungu. Mke wangu anataka aje akae nasi, awe karibu na hospitali ya Kabanga. Mwaka jana alikuja mara moja. Kwa kuwa haoni vizuri nyumba anaisoma kwa kiganja, basi akapapasa ukuta, akapapasa meza, akafika jikoni kwenye makabati niliyopaka mwenyewe kwa brashi ya chokaa, akasimama.

"Mkwe," akasema, "hii ni milango au gome la mti?"

Kabla sijajibu kibanzi kikamwingia kidoleni. Kesho yake akafunga mzigo. "Nyumba inayochoma mkono mimi siiwezi," akasema, akarudi Kitahana.

Tangu hapo mke wangu hakunigombeza, alikuwa anayatazama makabati, halafu ananitazama mimi, basi. (Bora angenigombeza.) Mwaka huu mama akakubali kujaribu tena, na siku ya kumfuata mke wangu alichelewa kuamka, gari likapiga honi alfajiri, akatoka mbio kanga inapepea, na pale mlangoni akageuka akaniambia, "Baba Bukuru, mama akirudi Kitahana safari hii, namfuata. Nitakaa naye huko huko." Akaondoka. Hakucheka.

Sasa mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi rangi nilikuwa nimeshanunua kwa Mzee Salumu, mwenye duka la vifaa pale mjini, mtu mtaratibu sana wa asili ya Ujiji, naye alinipa somo: "Mwanangu, ulaini haumo kwenye kopo, umo kwenye subira. Ng'oa milango, osha mafuta yote kwa sabuni na maji ya moto, piga msasa, paka rangi ya chini, ikikauka piga msasa laini, ndipo upake rangi ya mafuta, nyembamba, umeichuja kwa soksi. Na jihadhari na vumbi. Rangi mbichi ikiona vumbi la Kasulu wanaoana papo hapo."

Nikafuata kila kitu. Siku mbili nyuma nilikuwa nimeshaosha, nimepiga msasa na kupaka ya chini, ikabaki ya mwisho. Vyombo vyote vya jikoni nikavimwaga sebuleni, sebule ikajaa, nikatoa makochi nje. Milango kumi na miwili nikaipanga uani juu ya matofali. Nikachukua simu nimwangalie fundi mmoja kwenye video anavyoshika brashi, nikamwangalia weee mpaka chaji ikaisha. Na hapo upepo ukaanza, ule wa kiangazi, barabara yote ikainuka ikawa nyekundu, nami nikajisemea: kwani turubai si limo humu humu ndani?

Uamuzi mdogo tu. Nikalitoa, nikalifunga kwenye miti minne, kiraka chekundu kinatazama barabarani. Nikajifunga kanga ya mke wangu kichwani na puani, nikapiga msasa wa mwisho mpaka nywele na nyusi zikawa nyeupe, nikafungua thina ya kuchanganyia rangi, macho yakawaka na machozi yakanitiririka, nikaanza kupaka.

Mama Zawadi akaingia saa tano, anatembea polepole, mikono kichwani.

"Baba Bukuru, tumeliona turubai."

"Ndiyo, jirani. Imebidi."

"Ni mama wa Kitahana?"

"Ndiyo, ni kwa ajili yake."

Akaniangalia machozi, nami nikamwangalia yake, nikashangaa kwamba thina inafika mpaka pale aliposimama. Akasema, "Ndiyo maana Mama Bukuru alikimbia alfajiri hata salamu hakutoa," akatoka, na baada ya muda mfupi akarudi na unga debe zima.

Nikasema moyoni, lo, napendwa hivi? Mgeni hata hajafika wameshaanza kuleta unga! Akaja wa pili na maharage, wa tatu na kuni, wakina mama wakaweka mafiga uani wakawasha moto, majivu yakaanza kuruka, nami nakimbia huku na huku napepea milango yangu na gazeti. Wanaume wakaja wakakaa kwenye makochi, kimya, kila mmoja akinishika kifundo cha mkono kwa sababu viganja vilikuwa na rangi, anatikisa kichwa, anakaa. Nikawa sielewi. Mama mkwe ana umaarufu gani Kasulu? Alikaa siku moja!

Mtajiuliza kwa nini hakuna aliyeuliza. Kwetu mfiwa hahojiwi, unakuja, unakaa, mambo utayasikia yakisemwa. Na mimi kama mwenyeji siwezi kumuuliza mgeni amefuata nini. Kwa hiyo wao kwa adabu zao na mimi kwa adabu zangu tukanyamaziana, na moto unawaka.

Akaja Mzee Buchumi, kiongozi wa jumuiya, ndani ya koti lake jeusi na suruali yake ya kitambaa cha mistari minene iliyotuna. Akanivuta pembeni.

"Mama anafika saa ngapi?"

"Saa kumi, mzee. Wako njiani na Noah."

"Noah!" Akatikisa kichwa. "Haya. Atalala humu ndani usiku mmoja?"

"Mmoja tu kwa nini, mzee? Mimi nataka akae mwezi."

Mzee Buchumi akajishika kidevu. "Mwezi," akasema.

"Ikiwezekana na zaidi. Mke wangu atafurahi."

Akaniweka mkono begani, akasema uchungu huwasemesha watu mambo mengi, nikaona mzee anazeeka vibaya. Kisha akatafuta pa kukaa, makochi yamejaa, akakaa juu ya mlango wangu wa kona.

"Mzee, hapana! Usikae hapo! Mbao hizo ni za mama!"

Akaruka kama amekalia siafu. Akazitazama mbao zile zote ndefu ndefu, zimepangwa juu ya matofali.

"Za mama? Unatengeneza wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe, mzee. Fundi angelipualipua tu. Nataka ziwe laini kabisa, akipapasa zisimchome."

Mzee mmoja akatoa leso akafuta macho. Mwingine akamnong'oneza mwenzake kwa sauti niliyoisikia, "Mkwe wa namna hii utampata wapi?" Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ndiyo, niliinamisha kichwa! Nilifurahi kusifiwa!

Saa kumi Noah ikasimama nje. Mke wangu akashuka, akaliona turubai, akaona makochi nje, moto uani, watu wamejaa. Katika nyumba ile alikuwa ameacha mtu mmoja tu.

"Baba Bukuru weeee!"

Akaingia mbio anapiga ukunga, na wakina mama, ambao walikuwa wanamngoja binti wa marehemu ndipo walie sawasawa, wakainuka wote wakapokea. Kilio kikatanda mtaa mzima. Mimi nikasimama na brashi. Nikamwambia, "Mke wangu, mimi niko hapa," akageuka akaona mtu mweupe nywele mpaka nyusi, amefungwa kitambaa kichwani na puani, akapiga ukunga wa pili ambao ulizidi ule wa kwanza.

Wakati huo mama mkwe ameshuka na fimbo yake. Haoni, lakini anasikia. Na ni mama aliyelelewa. Akiingia penye kilio haulizi, analia kwanza. Akaweka kikapu chini, mikono kichwani, akaanza. Jamani, yule mama analia! Aliwazidi wote, alilia kwa kupanga maneno, anamwita marehemu mti uliokuwa unatutilia kivuli, wakina mama wakampisha, Mama Zawadi akamshika kiunoni wakawa wanalia pamoja wakiyumba. Alipopata nafasi ya kuvuta pumzi akamwinamia Mama Zawadi.

"Mwanangu, tunamlilia nani?"

"Mama mkwe wake Baba Bukuru. Yule wa Kitahana."

Mama akakatisha kilio. "Kwani ana wakwe wangapi wa Kitahana?"

"Mmoja tu."

"Amekufa lini?"

"Leo alfajiri, mama yangu."

"Mbona alfajiri," akasema mama mkwe, "nilikuwa nakunywa uji?"

Mama Zawadi alimwachia kiuno. Hakuzimia yeye wala mtu mwingine, msimsikilize, ila aliruka mafiga na sufuria la maharage kwa hatua moja, na waliokuwa karibu na geti walitoka bila kutafuta viatu.

Waliobaki wakanigeukia. Mke wangu alikuwa ameshanitambua, ameketi chini, na macho yake sitaki kuyaeleza.

"Baba Bukuru," akasema Mzee Buchumi, "turubai la nini?"

"Vumbi, mzee."

"Vumbi."

"Na hizo mbao ni milango ya makabati."

Akageuka taratibu kwenda zake, nyuma ya koti na suruali ana rangi ya maziwa mraba mzima.

"Mkwe," akaita mama.

Nikasogea, si karibu, maana kwa wazee wetu mama mkwe humkaribii hovyo hovyo hata siku ya heri, nikatazama chini.

"Umenizika."

"Hapana, mama. Nilikuwa napaka rangi."

"Ilete hiyo milango."

Ilikuwa haijakauka sawasawa lakini nani wa kubisha? Nikamletea mlango mmoja mmoja. Akaupitishia kiganja. Wa pili, vivyo hivyo. Mke wangu akasimama nyuma yake, amekunja mikono, na mimi nahesabu pumzi, maana nilijua kiganja kile ndicho kinachoamua kama nitabaki na mke au nitabaki na cherehani. Akafika kwenye ule wa kona. Kiganja kikasimama. Rangi ilikuwa imejikunja mistari mistari, minene, kama shamba la viazi.

"Na hapa?"

"Hapo alikaa Mzee Buchumi, mama."

"Alikuja kunililia?"

"Ego, mama," nikamwitikia ndiyo kwa Kiha.

Akaendelea kupapasa mistari ile. "Kitahana nikifa," akasema, "watakaojua kwanza ni kuku." Halafu akanusa upande wa mafiga. "Hayo maharage ya msiba wangu yameiva?"

Wakapakua. Akala sahani mbili, akauliza chumba chake ni kipi, na mke wangu akaingia kutandika kitanda bila kunisemesha (alinisemesha siku ya nne).

Mama yupo mpaka leo. Mlango wa kona nilitaka kuupiga msasa nirudie, akanikataza: anasema akigusa matako ya Mzee Buchumi anajua ndani kuna sukari. Mzee Buchumi mwenyewe alikuja Jumatatu akachukua turubai, akalipeleka kwa mtu ambaye, alisema, hana mambo mengi nyumbani.

Juzi mama ameniomba nimpakie na kitanda chake, kiwe laini. Nimekubali, lakini nimeapa, hata kamba sitafunga nje. Nitapaka chumbani, mlango nimefunga, madirisha nimefunga. Thina ikiniua, basi, hapo turubai litatoka kihalali.