Aliyeshika Kamera

Mtaani walimwita Mama Mistari. Jina hilo alipewa na fundi viatu wa mlango wa pili, mtu asiyejua kufumba mdomo hata akiwa ameng'ata misumari. Kazi ya mama huyu ilikuwa kuandika maelezo chini ya picha za watu. Unampelekea picha yako kwenye simu au kwenye flashi, anaifungua kwenye kompyuta, anaiongezea ukanda mweupe kwa chini, kisha hapo kwenye weupe anaandika ni nani, wapi, na ilikuwa lini. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya kulala. Jaribu wewe uone. Wengi huyamwaga maneno yao kwa mkupuo mmoja hadi yanatokea upande wa pili wa picha, wakisubiri mashine iyakate yenyewe. Haiyakati. Ni wewe ubonyeze Enta pale mtu anapotakiwa kuvuta pumzi, na hapo mashine haipajui.

Yeye alipajua. Hakukubali jina la mtu likatwe kiuno, nusu juu nusu chini. Hakukubali maandishi yakanyage uso wa mtu. Na alikuwa na sheria moja iliyowachefua wateja: mistari miwili, basi. Mwenyekiti mmoja wa chama cha wafanyabiashara aliwahi kuja na vyeo vyake vyote, akataka viandikwe juu ya picha yenyewe, tena kwa herufi nene. Mama Mistari hakubishana naye, akaviandika ili amwonyeshe. Vyeo vikameza viatu, vikapanda magotini, vikafika kwenye mkanda wa suruali.

"Mheshimiwa," akamwambia kwa upole, "tukiendelea hivi utabaki kichwa."

Mwenyekiti alinuna, fundi viatu huko mlangoni akacheka hadi akajidunga sindano, na mistari ikawa miwili.

Huyo ndiye wa dukani. Nyumbani alikuwa mke wa fundi bomba, na alikuwa mama mdogo. Fundi bomba alifiwa na mkewe wa kwanza akaachiwa binti mchanga, na binti alipokaribia umri wa kuanza shule ndipo Mama Mistari alipoingia katika nyumba ile na sanduku la nguo na kamera kuukuu. Hakuja kugombea nafasi ya mtu. Picha ya marehemu iliyokuwa ukutani sebuleni aliiacha palepale, na vumbi lake akalifuta yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mtoto aliambiwa amwite mama mdogo, akamwita hivyo tangu siku ile hadi alipokuwa mwanamke mzima mwenye kazi yake. Waliishi vizuri. Walikosana kama watu wanavyokosana, juu ya vyombo visivyooshwa na simu isiyopokelewa, wakapatana kabla chai haijapoa.

Kamera ilikuwa kazi yake tangu mwanzo, maana fundi bomba ukimpa spana atakufanyia maajabu, lakini ukimpa kamera atakuletea miguu isiyo na wenyewe. Kila sherehe ya nyumba ile, kila jino lililong'oka, kila ripoti ya shule iliyostahili kusherehekewa, aliyefumba jicho moja na kusema "tazama hapa" alikuwa ni yeye.

Sasa binti alikuwa anaolewa. Mchumba wake, mpimaji ardhi, kijana mpole anayekula kimyakimya, alikuwa amepata kazi mbali, mbali ya kupanda ndege. Harusi ikipita tu, wanaondoka. Basi siku moja, wakiwa mezani, binti akasukuma flashi mbele ya sahani ya mama yake mdogo.

"Mama mdogo, nataka kitabu cha picha zangu, tangu utotoni. Wakwe zangu hawanijui vizuri, na huko niendako hanijui hata mtu mmoja. Uniwekee na maelezo yako, wajue nani ni nani."

"Mistari miwili," akajibu Mama Mistari.

"Hata mimi?"

"Hata baba yako."

"Mmoja unatosha," akadakia fundi bomba huku akichukua kipande cha mkate. "Kila ukurasa andikeni 'Huyu ndiye yeye'. Mtu akishajua, si ameshajua?"

Wakacheka wote, na kesho yake Mama Mistari akaanza kazi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya mtoto mchanga akiwa amepakatwa na marehemu. Ilikuwa imepigwa na mtu mwingine, zamani, kabla yeye hajaijua nyumba ile. Akavuta ukanda mweupe, akafungua kisanduku cha maandishi, akaandika: *Binti akiwa na mama yake.* Enta. *Nyumbani, kabla hajajua kutambaa.* Akaendelea. Binti na keki. Binti na pengo la jino. Binti na baiskeli. Binti na baba. Binti na shangazi, kisha bibi, kisha majirani wamejipanga kama wanaosubiri chanjo. Katika picha moja alikuwemo hata paka wa jirani, naye akapata jina lake kwenye mstari wa pili.

Hapo kwenye paka ndipo alipogutuka. Akarudi nyuma picha moja moja, akatazama tena. Paka yumo. Yeye hayumo. Kitabu kizima, mahali pekee alipoonekana palikuwa pembeni mwa picha ya keki, ambapo kidole gumba chake kilikuwa kimeziba lenzi kikaacha doa la rangi ya udongo.

Aliumia, tusizunguke. Akaona wivu, tena wivu wa kumwonea marehemu, halafu akajionea aibu kwa kuuona. Akawaza wakwe wakifungua kitabu kile sebuleni kwao, katika mji asioujua: kumbe huyu ndiye mama, na huyu baba, na huyu shangazi, na yule paka ni wa nani? Wangefika ukurasa wa mwisho wakafunga. Binti angekuwa mbali, na kitabu kingekuwa ndicho kinachomsemea utoto wake, na ndani ya utoto huo yeye hakupita hata mlangoni.

Shetani wa kila kazi anazijua zana za kazi hiyo. Mama Mistari kila wiki alikuwa akiwatia watu kwenye picha wasizokuwemo: mjomba aliyechelewa harusi, babu aliyefariki kabla ya mahafali. Akachukua picha yake mwenyewe ya pasipoti, akaikata kuzunguka nywele na mabega, akaenda kuibandika kwenye picha ya binti siku ya kwanza ya shule. Katika picha hiyo mtoto alisimama peke yake kwenye geti, ndani ya sare iliyompwaya, mikono ameibana ubavuni. Picha yenyewe ilikuwa na ukungu kidogo. Alishajaribu mara nyingi kuinoa na haikunoleka.

Sasa akajitia pale ubavuni. Akajipunguza, akawa kama mwanasesere. Akajikuza, akawa amelizidi geti. Sura ilikuwa ileile ya pasipoti, sura ya mtu anayesubiri kuulizwa maswali na afisa, na jua lilimpiga kutoka upande ambao halikuwepo. Chini akaandika: *Binti na mama yake mdogo. Siku ya kwanza ya shule.* Akaegemea kiti akatazama. Ulikuwa uongo, tena uongo usiotengenezwa vizuri. Akanyoosha mkono aufute, na papo hapo akaingia mteja na mtoto anayelia kwa sauti ya king'ora, anataka picha ya cheti. Mama Mistari akabonyeza kwa haraka, akiamini amefuta, kumbe amehifadhi, tena ndani ya folda ya kitabu.

Siku ya binti kuja kuzipitia kurasa kabla hazijachapwa, karatasi ziliisha. Mama Mistari akamwachia kiti, akavuka barabara kwenda kununua nyingine. Anarudi na rimu kwapani, akasikia kicheko tangu nje. Binti alikuwa ameinamia meza, mabega yanatikisika, na fundi viatu amechungulia dirishani na kiatu cha mtu mkononi.

"Mama Mistari," fundi viatu akauliza, "huyu askari wa geti ni nani?"

Alitamani ardhi ipasuke aingie.

"Fundi, rudi kwenye viatu vya watu."

Fundi viatu alimtazama usoni, akaona si siku ya utani, akaondoka. Binti naye akageuka, na kicheko kikamkatika.

"Mama mdogo, umekasirika?"

"Futa hiyo. Nilikuwa najaribu kitu."

"Kitu gani?"

Mama Mistari alikuwa bado ameikumbatia rimu yake. Angeweza kusema ni kazi ya mteja, ni mashine, ni lolote. Lakini alikuwa amechoka kulibeba peke yake.

"Simo," akasema. "Kitabu kizima simo. Paka yumo, mimi simo. Wakwe zako watauliza nani alikulea, utawaonyesha nini? Kidole gumba?"

Binti hakusema pole, wala hakuja kumkumbatia, na Mama Mistari alishukuru, maana angelia mbele ya dirisha. Binti alirudi kwenye kompyuta, akafungua picha ya pengo la jino, ile anayocheka kinywa wazi hadi macho yamezibika.

"Hapa ulikuwa wapi?"

"Si nilikuwa nimeshika kamera."

"Umeshika kamera, halafu unafanya nini?"

"Napiga picha, nifanye nini tena?"

"Wewe! Nilikuwa nimefunga mdomo kabisa, naona aibu na pengo langu. Ukaingia jikoni ukatoka umevaa sufuria kichwani, na mchuzi ndani yake haujaisha vizuri."

"Ulinitiririkia hadi kwenye kola," Mama Mistari akakumbuka.

"Sasa mbona hujaandika?"

Binti akafuta mistari miwili iliyokuwepo, akaanza kuandika yake. Maneno yakakimbia moja kwa moja hadi ukingoni yakapotelea nje.

"Enta," akasema Mama Mistari, hakuweza kujizuia. "Bonyeza Enta hapo kwenye neno kamera. Na hapo tena."

*Nacheka hivi kwa sababu mama mdogo,*
*aliyeshika kamera,*
*amevaa sufuria yenye mchuzi.*
*Huo mchuzi sasa uko kwenye kola yake.*

"Minne," Mama Mistari akahesabu. "Haitoshi hapo chini."

"Basi ongeza nafasi."

Akaweka rimu chini, akashika mausi, akauvuta ule ukanda mweupe. Wakaenda kwenye baiskeli. Binti akaandika kwamba mama mdogo alikuwa akikimbia kinyumenyume mbele yake ili ampate vizuri, akaangukia mtaroni, na kamera akainyanyua juu isilowe. Kwenye keki akaandika kidole kile ni cha nani na kwamba ndicho kilichoonja ile keki kabla ya wageni wote. Mama Mistari akapinga, akasema ni uzushi, binti akasema kitabu ni chake. Wateja wawili walikuja wakaambiwa warudi baadaye. Ukurasa baada ya ukurasa binti alikuwa akieleza kilichokuwa upande wa pili, kule ambako macho ya wote waliopigwa yalikuwa yanatazama.

Wakafika kwenye geti la shule. Binti akaiondoa ile sura iliyobandikwa, akabaki mtoto peke yake na sare yake kubwa.

"Hiyo iruke," akasema Mama Mistari. "Imetikisika. Kamera ile ilikuwa mbovu."

"Kamera haikuwa mbovu," akasema binti, na akaandika polepole, akibonyeza Enta mwenyewe sasa bila kuambiwa.

*Siku ya kwanza ya shule.*
*Mimi sikulia.*
*Aliyeshika kamera ndiye alikuwa analia,*
*ndiyo maana picha imetikisika.*

Mama Mistari aliyasoma maneno yale, akayasoma tena. Miaka yote ile aliamini kwamba kamera ilimficha uso.

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Na hukusema."

"Nilikuwa mdogo. Niliona kama ni siri yako." Binti akamgeukia. "Ulikuwa unalia nini, mama mdogo? Mimi ndiye niliyekuwa naingia shule."

Mama Mistari akavuta kigoda, akakaa. Nje fundi viatu alikuwa anagonga soli ya mtu.

"Ulikuwa hujawahi kunishika mkono," akasema. "Nilikuwa nakupikia, nakuogesha, nakusuka, unaniachia, lakini mkono hunipi. Siku ile tulipotoka tu nyumbani ukanishika mwenyewe, sikukuomba. Tukaenda hivyo njia nzima. Tulipofika getini, mimi kwa akili zangu nikakuambia uniachie, nipige picha."

Binti alijifuta macho kwa kiganja, akaigeukia skrini, akabonyeza Enta na kuanza kuyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, tangu *hujawahi kunishika mkono*, na mama yake mdogo akawa anauvuta ukanda mweupe chini, na chini tena, ili yapate kuenea yote.