Kipimo Begani mwa Mzee Randa

Mama Vipimo alikuwa amepima kelele viwandani kwa miaka kumi na mmoja, na hakuwahi kuona mashine ya randa iliyotulia kama maktaba. Ndiyo maana jioni ile, karakana ya mbao ilipofungwa, alikitazama kipimo alichokuwa amekibana begani mwa Mzee Randa tangu asubuhi, akaguna. Kwa tarakimu zile, mzee alishinda kutwa akiota jua.

"Baba, hiki ulikiweka wapi?"

"Begani, mwanangu. Palepale ulipokibana."

"Hivihivi tu?"

Mzee akakohoa. Njia ya mwongo fupi, na ya huyu ilikuwa fupi kuliko zote. Akakiri kwamba alikizungushia vitambaa vitatu, juu akatia soksi. Karakana nzima iliamini kidude kile kinanasa maneno na kumpelekea meneja, na yeye, bingwa wa kumsema meneja, angeuzuiaje mdomo kwa saa nane?

Mama Vipimo alicheka mpaka akashika meza. Alimpenda mzee huyu, ya nini kuficha. Lakini ilimbakia siku moja tu ya kupima pale. Ripoti ikitoka hivyo, meneja ataambiwa kazi ni salama, na vikinga masikio havitanunuliwa.

"Kinapima ukali wa sauti tu, baba. Neno hata moja hakishiki."

"Kwa hiyo nikimwita meneja kupe?"

"Kitaandika kwamba kuna kelele."

Kesho yake mzee alikivaa waziwazi, akamsema meneja tangu asubuhi mpaka zamu ikaisha. Wenzake walimpitia mbali, kila mmoja akisubiri mzee wa watu afukuzwe.

Jioni wakakaa wawili uani. Desibeli tisini na tano. Mama Vipimo alihamia upande wa sikio la kulia la mzee, ambalo angalau bado lilisikia kidogo, akamweleza kwamba kwa kelele ile, bila kinga, mtu hatakiwi kusimama pale hata saa moja kwa siku. Yeye amesimama zamu nzima kwa miaka ishirini na miwili. Mama Vipimo aliogopa kulisema hilo, akalisema.

Mzee akapangusa vumbi la mbao magotini. Kisha akauliza habari za wale wawili wa msumeno, walioajiriwa mwezi uliopita.

"Wao hawajachelewa kukinga masikio?"

"Hawajachelewa, baba."

"Basi iandike ripoti kwa herufi kubwa, meneja asije akasema hakuiona."