Siku Niliyokuwa Dereva wa Posa Yangu

Chekeni, chekeni mmalize kabisa, maana nikishaanza sitaki mtu anikatize, na atakayeniita "dereva" humu ndani nainuka naiacha chai yangu hapo hapo. Aibu niliipata, nakubali, lakini hasira yangu ni kubwa kuliko aibu, mpaka leo.

Nilikuwa namposa Leticia, binti wa kutoka Mgeta, kule milimani, tuliyejuana hapa hapa mjini Morogoro. Sasa kila mtu anajua mposaji haendi kwenye posa yake. Wanakwenda washenga, wewe unabaki nyumbani unakuna kichwa. Washenga wangu walikuwa shangazi Felista na mzee Kibena, jirani yetu, na gari ya kwendea ilikuwa yangu (kikuukuu, lakini nakitunza, naomba hilo mlishike). Nikajisemea, nimpe mtu baki ufunguo akaniunguzie klachi kwenye milima ile? Naendesha mwenyewe! Kule hakuna anayeijua sura yangu zaidi ya Leticia, na yeye atakuwa jikoni.

"Huna adabu wewe," shangazi akasema. "Wakwe wakuone?"

"Watamwona dereva, shangazi. Nawashusha, nakaa kwenye gari, kimya."

Tukapita Mlali salama, tukaanza kupanda, barabara mawe matupu, malori ya kabichi yanashuka, mara tairi la mbele kushoto likaanza: krrrr, krrrr! Linasaga kama mashine ya mahindi. Mzee Kibena (ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli) akasema hiyo ni beringi. Shangazi akasema hiyo ni adabu yangu ndogo. Nikajua tu shida iko kwenye breki, lakini nisimame vipi na watu wanatusubiri? Tukaingia kijijini tunasaga hivyo hivyo, watu wametoka milangoni, na baba yake Leticia, mzee Pius, badala ya kusubiri wageni ndani kama wakwe wengine, akaja moja kwa moja kwenye tairi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye dereva?"

"Ndiyo mzee. Dereva tu."

"Gari ya nani hii?"

"Ya... ya huyo mposaji."

"Breki zimekwisha hizi. Huyo tajiri yako hatengenezi gari?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Lakini dereva gani anamtetea tajiri yake? Nikaona nikimtetea sana watanishtukia, nikatikisa kichwa, nikasema (Mungu wangu, mdomo huu!), "Ah mzee, wewe acha tu. Nimemwambia mara ngapi? Mwenyewe hasikii."

Mzee Pius akaguna, akaingia ndani na washenga wangu.

Nikavua shati (nililipiga pasi vizuri, sijui nilikuwa nampigia nani), nikabaki na singlendi, nikapiga jeki, nikafungua tairi, na dirisha la sebuleni liko juu ya kichwa changu, nasikia kila kitu. Shangazi alikuwa anasema vizuri, ananisifia, kijana mtulivu, mwangalifu, mara akadakia mjomba wake Leticia, na kwa Waluguru mjomba akikataa ndiyo imekataliwa: "Mwangalifu? Dereva wenu mwenyewe amesema hasikii. Gari tu imemshinda, mtoto wetu atamweza?"

Mzee Kibena akakohoa, akaanza habari za beringi.

"Basi," mjomba akasema, "jibu letu sisi..."

Na mimi huku nachokonoa na bisibisi nyuma ya diski ya breki, kwenye kile kibati cha kuzuia vumbi, kikadondoka kijiwe. Kijiwe, jamani! Kadiri ya punje ya mahindi! Pedi zenyewe nene, nimezifunga mpya juzi juzi! Kijiwe cha barabara yao kimeingia kwenye gari yangu, halafu mimi ndiye nisiyetunza? Damu ikanipanda. Mlango sikumbuki niliupitaje. Nakumbuka nimesimama katikati ya sebule na singlendi yangu, grisi mpaka kwenye viwiko, nimenyoosha kijiwe juu, napiga kelele:

"Breki hazijaisha! Ni jiwe! Jiwe la kwenu! Gari inatunzwa hii!"

Mama mkwe akajifunika uso kwa kanga. Shangazi akasema, "Yesu na Maria."

"Sasa wewe dereva," mjomba akauliza taratibu, "kinachokuuma ni nini?"

"Inaniuma kwa sababu gari ni yangu!"

Mzee Pius akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Si ulisema gari ni ya mposaji?"

Huko jikoni sufuria likaanguka, nikasikia mtu anacheka mpaka anakosa pumzi, na cheko lile nalijua. Nikatoka kinyumenyume.

Jibu walilorudi nalo: tulete jogoo wa faini, halafu washenga waje upya, bila dereva. Kushuka mlima gari ilikuwa kimya kabisa, haitoi hata mlio, kwa hiyo kila neno la shangazi nililisikia vizuri.

Jogoo nilipeleka, Leticia nilioa, na nimeapa sitamsema mtu vibaya tena, hasa akiwa ni mimi. Lakini mnadhani yamekwisha? Kila nikipanda Mgeta na wanangu, mzee Pius anatoka nje, anainama kwenye tairi, anatega sikio, ndipo anageuka.

"Dereva! Tajiri yako hajambo?"

Watoto wananitazama. Nifanyeje?

"Hajambo, mzee. Anakusalimia."