"Mjamzito asiye na mwenza alete barua": tangazo nililobandika mwenyewe, na mama niliyemrudisha

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi ni msomaji wa kimya humu ndani, miaka inakwenda. Leo naleta langu. Ni jambo lililonipata kazini, sijaongeza chumvi, na sehemu kubwa siyo ya kujisifia. Majina nimebadilisha na kituo sikitaji. Walio kwenye sekta ya afya wataelewa haraka, wengine nitawaeleza taratibu.

Iko hivi.

Mimi ni tabibu. Sina digrii ya udaktari, nina diploma, ingawa kijijini kila anayevaa koti jeupe ni Daktari. Nilipangiwa zahanati moja upande wa machimbo madogo ya dhahabu, mkoa wa Shinyanga. Mwaka haujaisha, aliyekuwa incharge, yaani msimamizi wa kituo, akahamishwa, kituo nikakabidhiwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba.

Watumishi tulikuwa wanne. Nguzo ya pale alikuwa muuguzi mkunga mmoja, nimwite Mama Kulwa. Alianza kuzalisha kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Mbele ya watu ananiita Daktari, tukibaki wawili ananiita mwanangu.

Sasa muelewe eneo lenyewe. Machimboni watu hawatulii. Ikisikika dhahabu imetoka mahali wanasema kuna rashi, na ndani ya siku tatu nusu ya wanaume wameshaondoka. Leo Mwakitolyo, kesho Geita, keshokutwa hujui. Wanawake wanaopika na kuuza maji wanabaki. Wengine wanabaki na mimba.

Kituoni nilikuta utaratibu: mjamzito anayekuja kliniki mara ya kwanza aje na mwenza wake, wapimwe wote, wapate elimu wote. Wazo zuri, silipingi hata leo. Kama hana mwenza, alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha hivyo.

Utaratibu ule ulikuwa wa mdomo tu. Mara ubane, mara ulegee. Mimi, incharge mpya mwenye ari, nikaona ninyooshe mambo. Nikaenda stationery, nikachapa tangazo kwa herufi kubwa, likavalishwa plastiki, nikalibandika mlangoni kwa mkono wangu.

Matokeo yakaonekana. Grafu ya wenza waliopimwa ikapanda. Timu ya wilaya ilipokuja kwenye usimamizi ikaipiga picha, na kwenye kikao nikasimamishwa wenzangu wanipigie makofi. Nikarudi kituoni najiona kiongozi.

Ngoja nichomeke hili kidogo, maana lina uzito wake.

Kuna jamaa wa bodaboda aliingia kliniki na mke wake mjamzito. Wiki mbili baadaye akaingia na mwingine. Alipoingia na wa tatu, Mama Kulwa akavua miwani.

"Baba, mwezi huu umeoa mara ngapi?"

"Nesi, mimi naisaidia tu jamii."

Tulicheka wote, hadi yule mama aliyekuja naye. Hatukujiuliza kwa nini wanawake wanaazima waume ili wapimwe presha. Ile ilikuwa taarifa imeletwa mezani kwangu bure, mimi nikaigeuza kichekesho.

Sasa twende kwa mhusika.

Asubuhi moja alikuja binti wa miaka kama ishirini na mbili, nimwite Kabula. Kwao ni upande wa Buseresere, pale machimboni alikuwa anauza chakula. Alikuwa peke yake. Mama Kulwa alikuwa wodini na mzazi, kwa hiyo nilimpokea mimi.

"Shikamoo Daktari."

"Marahaba. Una miezi mingapi?"

"Naona kama minne."

"Baba yuko wapi?"

"Kaenda rashi, huko Geita. Simu haipatikani."

"Basi nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akuandikie barua, halafu urudi."

Akalitazama tangazo, akanitazama mimi. "Siwezi kupimwa leo, barua nikaleta kesho?"

"Mama, utaratibu ni utaratibu."

Akasema asante, akaondoka. Mazungumzo yote hayakufika dakika mbili. Sikumfokea, sikumdharau. Nilimrudisha kwa upole kabisa.

Hakurudi.

Miezi zaidi ya mitatu ikapita. Siku moja mchana, bajaji ikaingia getini kwa kasi, ndani wanawake wawili wamemshika mwenzao. Uso umevimba, miguu imevimba, analalamika kichwa na kusema haoni vizuri. Presha ilikuwa mia na themanini kwa mia na ishirini. Kabla hatujamfikisha kitandani akaanza kutetemeka mwili mzima.

Kifafa cha mimba.

Tukafanya kinachofanywa: sindano za kuzuia degedege, dawa ya kushusha presha, mpira wa mkojo, simu kwa gari la wagonjwa. Mama Kulwa alikuwa anatoa maelekezo kwa sauti ya chini, na mimi incharge nayafuata. Kadi ya kliniki tukaiulizia, hana. Mmoja wa wale wanawake akasema, "Alikuja hapa, mkamwambia barua."

Ndipo nikautambua ule uso.

Hospitali ya wilaya walimwokoa mama. Mtoto alizaliwa hana uhai. Alikuwa wa kike.

Usiku ule sikulala, lakini hilo siyo la maana kwenu. La maana ni hili: kesho yake nilifungua rejista ya kliniki. Jina lake halikuwemo, kwa sababu hatuandiki tunaowarudisha. Kwa mujibu wa vitabu vya serikali, Kabula hakuwahi kufika kwangu. Hakuna mtu angeweza kunigusa.

Wilayani huwa kuna kikao cha kupitia vifo vya uzazi na watoto wachanga. Kila incharge anaeleza lililotokea kituoni kwake. Fomu ya Kabula ilishajazwa, na sababu iliyoandikwa ilikuwa "mama kuchelewa kuanza kliniki." Nilitakiwa niisome tu, nikae.

Nikaisoma. Halafu nikabaki nimesimama.

Nikasema, "Hii sababu siyo kweli. Mama huyu alikuja akiwa na miezi minne. Nilimrudisha mimi."

Mratibu wa afya ya uzazi wa wilaya, mama mmoja makini sana, akaniuliza, "Incharge, hilo unalisema kama wewe au kama kituo?"

"Kama mimi."

Mganga Mkuu wa Wilaya, DMO, akauliza, "Ulimrudisha kwa utaratibu upi?"

"Wa barua, mkuu."

"Waraka wake uko wapi?"

Nikamtazama Mratibu. Mratibu akawatazama maincharge. Maincharge wakatazama meza. Mwisho Mratibu akasema, "Ni utaratibu tumekuwa nao miaka yote."

Wakuu, hakuna aliyekuwa na ile karatasi. Mimi mwongozo wa huduma kwa wajawazito nilikuwa nao kwenye simu, sikuwahi kuufungua ukurasa wa wenza. Nilipoufungua baadaye, unasema mwenza ahamasishwe kushiriki. Kuhusu kumrudisha mama, sikuona neno hata moja.

Msidhani mambo yaliishia hapo na makofi. DMO alisema "tutalifanyia kazi," kikao kikaendelea na ajenda nyingine.

Nikarudi, nikabandua lile tangazo. Mwezi uliofuata grafu ya wenza ikaporomoka, na wilaya ikaniletea barua ya kujieleza ndani ya siku saba.

Kabla ya kujibu nilifanya safari mbili.

Ya kwanza ilikuwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee wa watu. Nilimkuta anachambua karanga uani na mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba Daktari, karibu kigoda."

Nikamuuliza kama anamkumbuka Kabula. Anamkumbuka. Alikwenda kwake mara mbili.

"Nitamwandikiaje barua mtu ambaye hayumo kwenye daftari langu la wakazi? Nikamwambia alete watu wawili wanaomjua. Hawa wa machimboni nani anawajua?"

"Mzee, hii sheria ya barua nani aliileta?"

Akaacha karanga. "Si yenu nyie wa afya?"

"Sisi tulidhani ni ya serikali ya kijiji."

Mzee akamtazama mkewe. "Kumbe tumekuwa tukilinda mlango usio na mwenyewe," akasema. Mkewe akaguna, akaingia ndani.

Safari ya pili ilikuwa kwa Kabula. Alikuwa amepona, amerudi kwenye banda lake la chakula. Mama Kulwa alinisindikiza, akamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," Kabula akaitikia. Mimi nikamwambia nimekuja kuomba msamaha, kosa lilikuwa langu.

Alikuwa anapakua ugali. Hakuacha.

"Daktari, siku ile nilikuambia nipimwe kwanza, barua kesho."

"Ndiyo, uliniambia."

"Basi mimi msamaha wako sijui niuweke wapi. Nina wateja."

Tukasimama kidogo. Mama Kulwa akamuuliza kama angekubali kuja kusema wilayani. Akakataa. "Nimeshasema mara moja, mlangoni kwenu."

Tukaondoka. Njiani Mama Kulwa akaniambia, "Mwanangu, hana deni la kukusaidia. Hiyo barua yako ijibu kwa daftari, usiijibu kwa maneno."

Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kutetea jambo, kitu ambacho chuoni kilikuwa somo la kusinzia.

Tukanunua daftari la kawaida. Kila mama aliyekuja bila mwenza tulimpokea, tukamuuliza maswali matatu: mimba ina miezi mingapi, umewahi kurudishwa kituo chochote, ulirudishwa kwa sababu gani. Mama Kulwa kila wikiendi akawa anashuka machimboni kuongea na wanawake wenyewe. Daftari likajaa kuliko tulivyotegemea. Wengine walikuwa wamerudishwa na mimi mwenyewe, tarehe hawazikumbuki, ila koti jeupe wanalikumbuka.

Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la maincharge: kama na kwenu utaratibu huu upo, tuandike kwa pamoja. Ujumbe ukasomwa na wote. Mmoja tu akajibu hadharani, "Mkuu, usituletee matatizo."

Jioni yake akanitumia inbox mwingine: "Kaka, hata kwangu wapo kama huyo. Nitaandika daftari, ila usinitaje." Baadaye akaja wa pili.

Barua ya kujieleza niliijibu ndani ya muda kwa kurasa mbili. Nikakiri kubandika, nikakiri kubandua, nikaambatisha ukurasa wa mwongozo. Sikumlaumu mtu. Miezi iliyofuata tukawasilisha madaftari matatu ya vituo vitatu kwa Mratibu. Niliogopa angeyatupa.

Hakuyatupa. Aliyafungua mbele yangu, akasoma muda mrefu. Halafu akaniambia, "Unajua mimi ndiye niliyekuwa nawafundisha hivi kwenye semina?" Akasema, "Haya, kaa. Tuandike rasimu ya waraka mimi na wewe."

Rasimu ile ilikwenda kwa DMO. Ilichukua muda, ilirudi mara mbili na masahihisho ya wino mwekundu. Mwisho ukatoka waraka kwa vituo vyote vya halmashauri, nusu ukurasa tu: wenza wahamasishwe, na mjamzito yeyote asirudishwe kwa sababu ya kukosa mwenza au barua.

Barua yangu ya kujieleza haikujibiwa hadi leo. Sikupongezwa, sikuadhibiwa. Baadaye nilihama, sasa naishi Nyahanga hapa Kahama na natumikia kituo kingine. Mama Kulwa kastaafu, analima mpunga.

Grafu ya wenza haikurudi pale ilipokuwa. Tulianza kufungua kliniki na Jumamosi kwa ajili ya wanaume, wakaja wachache, lakini ni waume kweli, siyo wa kuazima.

Mtaniuliza: Kabula angeanza kliniki mapema, mtoto angepona? Sijui. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata hata aliyehudhuria vizuri. Ninachojua ni kwamba presha yake ingepimwa mara kadhaa kabla ya siku ile, na mimi nilimnyima hiyo nafasi.

Nilichojifunza nawaachia hivi.

Sera ya afya siyo ile iliyofungiwa kwenye kabati la wilaya. Kwa mgonjwa, sera ni kile anachoambiwa na mtu wa kwanza anayekutana naye mlangoni. Kwa hiyo kila anayekaa mlangoni ni mtunga sera, awe anajua au hajui.

Kiongozi akikosea, vitabu vinaweza kumficha vizuri sana. Kuandika wale tuliowahudumia ni kazi rahisi. Wale tuliowakataa ndio wanaoonyesha kituo kilivyo.

Na malalamiko ya mtu mmoja ni kelele. Madaftari matatu ni hoja.

Sasa uwanja ni wenu. Wahudumu wa afya mliomo humu: ni utaratibu gani hapo kituoni kwako mnaufuata kila siku na hakuna aliyewahi kuiona karatasi yake? Na kina mama, kama uliwahi kurudishwa mlangoni, andika uliambiwa nini. Hata kama ulirudishwa kwa upole.