Pistoni na Shikamoo

Baba mkwe wangu aliniharibia pistoni bila kuigusa, na hadi leo naamini alikusudia.

Nilikuwa naunda injini ndogo ya hewa moto, ya kukaa mezani, isiyo na kazi yoyote zaidi ya kuzunguka. Niliiona kwenye video za mtandaoni nikaipenda kijinga. Hapa Kilosa riziki yangu ni kutengeneza mashine za kukoboa mpunga, vyuma vya kupigwa nyundo mpaka vikae. Injini ile haitaki nyundo. Pistoni lazima iteremke ndani ya silinda kwa uzito wake yenyewe, taratibu, bila kukwama wala kupwaya. Chuma kinachofaa nilikipata Mikumi, kwa wauza skrepa, kipande kimoja tu.

Siku ya kukereza kwa mara ya mwisho, pistoni ikizunguka kwenye mashine ya kuchongea vyuma, mzee akatokea mlangoni. Anaishi Rudewa, na ujana wake wote aliumalizia kwenye karakana ya shamba la mkonge, akikereza vyuma. Yaani anajua. Anajua kuliko mtu yeyote Kilosa kwamba fundi akishashika mashine hasumbuliwi. Alisimama, mikono nyuma, akakohoa.

Mkwe hasalimiwi ukiwa na kofia kichwani. Mkono wangu wa kulia ukapanda wenyewe kuivua, nikainama, "Shikamoo baba," na mkono wa kushoto, ulioachwa peke yake kwenye mpini, ukasukuma kisu ndani ya chuma. Unywele tu.

Nilipozima mashine, aliichukua pistoni akaitia kwenye silinda. Ikaanguka hadi chini.

"Inapwaya," akasema. "Marahaba."

Nilimchukia. Yule fundi wa kwenye video hana mkwe.

Nilihangaika majuma kadhaa kupata chuma kingine. Nikakereza upya, na mzee akaja tena, akakohoa vilevile. Safari hii kofia ilibaki kichwani na macho yangu kwenye kisu. Nilipogeuka, hayupo. Kufika jioni ukoo mzima ulishaambiwa kwamba nimemdharau, na mke wangu akaacha kusema nami isipokuwa kuniambia chakula kipo tayari.

Lakini pistoni ilikaa sawasawa.

Nikatakiwa niende Rudewa kuomba radhi. Nilikwenda, na injini nikaibeba, kumkomesha. Niliiweka kwenye kigoda mbele yake, nikawasha kibatari chini ya silinda, nikaligusa gurudumu lake. Likazunguka. Nikavua kofia, nikainama. "Shikamoo baba."

Aliinamisha sikio, akaisikiliza kwa muda mrefu, akitafuta kasoro. Nilimwona akiikosa. Ndipo aliponyoosha kidole, akalibana gurudumu mpaka likasimama.

"Marahaba," akasema.

Nikavaa kofia yangu palepale, mbele yake.